Historia ya gari kuukuu: Mambo ambayo mnunuzi wa Kisii na Nyamira anafaa kuchunguza kabla ya kulipa

WAKULIMA wa majani chai katika kaunti za Kisii na Nyamira hupokea bonasi yao, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na baadhi yao huielekeza katika ununuzi wa gari. Walimu na watumishi wengine wa umma nao hununua kwa mikopo ya vyama vya akiba kama vile Gusii Mwalimu, ambayo hulipwa kwa kukatwa mishahara kwa miaka kadhaa. Wengi wa wanunuzi hawa hawanunui gari jipya. Hununua gari lililokwisha kutumika Japani, au lililotumika Japani na kisha likatumika tena humu nchini.

Gari linalotafutwa sana katika eneo la Gusii ni Toyota Probox, ambalo huonekana kila siku likibeba abiria na mizigo kati ya masoko ya Keroka, Suneka, Ogembo, Kebirigo na Nyamira mjini. Anayelinunua hulipia kitu ambacho maisha yake ya awali hayajui: limetembea kilomita ngapi, limewahi kupinduka, lina deni, au ni la mtu mwingine aliyeibiwa.

Katika baadhi ya nchi maswali hayo hujibiwa kwa ripoti moja inayouzwa na kampuni maalumu. Nchini Kenya majibu yapo, lakini yametawanyika katika ofisi na stakabadhi mbalimbali, na kila moja hujibu swali lake tu. Mnunuzi anayechunguza stakabadhi moja na kudhani amemaliza ndiye anayepata hasara.

Ripoti ya historia ya gari ni nini?

Ripoti ya historia ya gari ni maandishi yanayokusanya mahali pamoja habari za gari moja tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Huonyesha idadi ya wamiliki, kilomita zilizoandikwa kila gari lilipokaguliwa, ajali zilizoripotiwa, madeni, na iwapo kampuni ya bima iliwahi kulitangaza kuwa limeharibika kiasi cha kutofaa kutengenezwa.

Kampuni inayojulikana zaidi katika biashara hii ni Carfax ya Marekani. Ilianzishwa mwaka 1984 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, na Ewin Barnett, mtaalamu wa kompyuta aliyetaka kukomesha udanganyifu wa kurudisha nyuma hesabu ya kilomita. Mwaka 1996 ilifungua tovuti, na mnunuzi wa kawaida akaweza kuagiza ripoti mwenyewe kwa kutumia nambari ya utambulisho wa gari.

Nchini Uingereza kampuni ya HPI ilianza mapema zaidi, mwaka 1938, ikifuatilia magari yaliyonunuliwa kwa mkopo ili yasiuzwe kabla ya deni kulipwa. Aidha, serikali ya nchi hiyo huweka kwenye intaneti, bila malipo, matokeo ya ukaguzi wa kila mwaka pamoja na kilomita au maili zilizosomwa siku ya ukaguzi.

Nguvu ya ripoti hizo haitokani na kampuni yenyewe. Hutokana na kwamba polisi, mashirika ya bima, gereji na vituo vya ukaguzi huandika mambo na kuyatoa. Pasipo kumbukumbu hizo, hakuna kampuni inayoweza kuandika ripoti ya maana.

Kwa nini ripoti hizo hazifiki Gusii

Magari mengi yaliyotumika yanayouzwa Kenya hutoka Japani. Kumbukumbu za Carfax ni za magari ya nchi nyingine, hasa Marekani na Canada, kwa hivyo Probox lililotumika Osaka halimo ndani yake.

Tofauti nyingine ni ya nambari. Magari ya Marekani na Ulaya hubeba nambari ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani huwa na nambari fupi ya chesisi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Mifumo mingi ya kigeni haiitambui nambari hiyo.

Hata hivyo, nambari hiyo fupi ni shahidi mzuri kwa anayejua kuisoma. Probox la kizazi cha kwanza, kilichoanza mwaka 2002, lenye injini ya sisi 1500 na lisilo la magurudumu yote manne kuvuta, mara nyingi huanza na NCP51. Kizazi cha pili kilipotoka mwaka 2014, la sisi 1500 lilianza na NCP160. Muuzaji akisema gari ni la mwaka 2017 ilhali chesisi yake inaanza na NCP51, basi ama mwaka si huo ama chesisi si yake.

Kumbukumbu zinazobaki Japani

Nusu ya kwanza ya maisha ya gari huwa imeandikwa vyema. Sheria ya Japani hulazimisha kila gari kufanyiwa ukaguzi wa mara kwa mara. Gari la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya kwanza, na baadaye kila miaka miwili. Magari madogo ya mizigo, na Probox huhesabiwa miongoni mwayo, hukaguliwa baada ya miaka miwili ya kwanza na kisha kila mwaka. Tangu mwaka 2004 kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi huandikwa kwenye cheti.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa mnunuzi wa Gusii. Probox halikuundwa kuwa gari la familia. Lilibuniwa kwa ajili ya makampuni ya Japani kusambazia bidhaa na kusafirishia wafanyakazi, kwa hivyo ni kawaida gari la namna hiyo kuwa limesafiri sana. Probox la miaka saba linaloonyesha kilomita chache mno ndilo linalohitaji maswali mengi, wala si lile linaloonyesha nyingi.

Gari likiondoka Japani hutolewa cheti cha kufutiwa usajili kwa ajili ya kuuzwa nje. Cheti hicho huwa na nambari ya chesisi, tarehe ya usajili wa kwanza na, mara nyingi, kilomita za ukaguzi wa mwisho. Tarehe huweza kuandikwa kwa kalenda ya enzi za wafalme wa Japani. Kwa enzi ya Heisei mnunuzi hujumlisha 1988: Heisei 25 ni mwaka 2013. Kwa enzi ya Reiwa, iliyoanza mwaka 2019, hujumlisha 2018: Reiwa 2 ni mwaka 2020.

Stakabadhi ya pili ni karatasi ya mnada. Magari mengi yanayosafirishwa hununuliwa katika minada ya wafanyabiashara, ambako mkaguzi wa mnada hulipa kila gari alama. Alama za 4 na 4.5 ni za gari lililotunzwa vizuri, 3.5 na 3 huonyesha kasoro zaidi. Herufi R huonyesha gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa sehemu za kiunzi chake. Karatasi huwa pia na mchoro wa gari: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, XX ni sehemu iliyobadilishwa.

Karatasi hiyo hubaki kwa muuzaji wa Japani au mwagizaji wa Mombasa na Nairobi. Mnunuzi ana haki ya kuiomba, lakini asiridhike na picha iliyotumwa kwa simu, kwa kuwa karatasi za kughushi zipo. Yapo mashirika yanayothibitisha kilomita na karatasi za mnada kwa kutumia nambari ya chesisi, na JEVIC, shirika la kukagua magari yanayosafirishwa kutoka Japani, limekuwa likifanya kazi ya kuthibitisha kilomita kwa miaka mingi.

Gari linapoingia Kenya

Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) husimamia kiwango kinachojulikana kama KS 1515:2000. Kwa kiwango hicho gari lililotumika sharti liwe na usukani upande wa kulia, lisizidi umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na likaguliwe kabla ya kupakiwa melini. Kampuni ya QISJ ni miongoni mwa zilizopewa kandarasi ya kazi hiyo. Gari linalofaulu hupewa cheti cha kuthibitisha kuwa linafaa barabarani. Baada ya mkasa wa kinu cha nyuklia cha Fukushima wa Machi 2011, kupima miale ya nyuklia kuliongezwa katika ukaguzi wa magari ya Japani.

Kanuni ya miaka minane humsaidia mnunuzi kupima ukweli wa umri. Gari lililoagizwa mwaka 2024 lilipaswa kuwa limesajiliwa mara ya kwanza mwaka 2017 au baadaye. La mwaka 2025 lilipaswa kuwa la 2018 au baadaye.

Nambari za usajili nazo husaidia. Mfululizo wa KAA ulianza mwaka 1989, wa KBA mwaka 2007, na wa KDA mwaka 2020. Gari lenye nambari ya KDA lililoagizwa kwa njia ya kawaida haliwezi kuwa limesajiliwa Japani kabla ya mwaka 2013. Lakini herufi hizo huonyesha gari liliposajiliwa Kenya, si lilipotengenezwa. Zaidi ya hayo, magari ya serikali yenye nambari za GK yakiuzwa kwa mnada husajiliwa upya kwa nambari za kiraia. Gari linaweza kubeba herufi changa ilhali limetumika humu nchini kwa miaka mingi.

Kisii iko katika barabara kuu ya kutoka Kisumu hadi mpaka wa Isebania, takriban kilomita 100 kutoka mjini. Tanzania haina kikomo cha umri kama cha Kenya, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Kwa hivyo gari la bei nafuu linalosemekana kutoka ng'ambo ya mpaka halifai kununuliwa kabla ya kuhakikisha kuwa limelipiwa ushuru wa forodha na kusajiliwa Kenya. Likiwa limezidi miaka minane halitasajiliwa, na mnunuzi atabaki na chuma.

Rekodi ya NTSA

Kwa miaka mingi usajili wa magari ulikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ushuru (KRA). Katika siku hizo mtu aliuza gari kwa kumkabidhi mwenzake kitabu cha usajili, ambacho wengi hukiita logibuku, pamoja na fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi na kuachwa bila jina la mnunuzi. Gari liliweza kupitia mikono mitatu au minne huku kitabu kikibaki na jina la yule wa kwanza.

Sheria Nambari 33 ya mwaka 2012 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), ambayo ilichukua jukumu hilo. Mwaka 2014 ilianzisha mfumo wa mtandaoni wa TIMS, na mwaka 2023 huduma zikahamishiwa kwenye jukwaa la serikali la eCitizen. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuomba nakala ya rekodi ya gari kwa kuandika nambari yake ya usajili na kulipa ada ndogo, ambayo wakati wa TIMS ilikuwa Sh550. Asiye na kompyuta hupata usaidizi katika saiba au katika Huduma Centre za Kisii na Nyamira.

Rekodi hiyo huonyesha jina la mmiliki, aina ya gari, rangi, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa injini, nambari ya chesisi, nambari ya injini, na iwapo kuna zuio au mkopeshaji aliyeandikishwa. Hii ndiyo stakabadhi ya kwanza ya kutafuta, kwa sababu karatasi ya logibuku inaweza kughushiwa lakini kilichomo katika mfumo hakibadilishwi na kalamu ya mtu sokoni.

Mnunuzi aombe rekodi hiyo mwenyewe, kwa simu au akaunti yake, asikubali nakala iliyochapishwa na muuzaji. Akiisha kuipata, asome nambari ya chesisi kwenye gari lenyewe. Katika magari mengi ya Toyota hupigwa kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi, au kwenye sakafu karibu na kiti cha mbele. Tarakimu zilizopinda, zilizochubuliwa, zilizopakwa rangi mpya au zilizo kwenye kipande cha bati kilichochomelewa ni dalili ya hatari.

Wakenya wengi huchora nambari za usajili kwenye vioo na taa ili kuzuia wizi. Kioo chenye nambari tofauti, au kilichokwaruzwa mahali palipokuwa na nambari, kinahitaji maelezo.

Mambo ambayo rekodi haisemi

Hapa ndipo wengi hukosea. Rekodi ya NTSA hueleza umiliki. Haielezi gari limetembea kilomita ngapi, limewahi kugongwa mara ngapi, wala limetengenezwa wapi. Jina la mmiliki likiwa sahihi, gari bado linaweza kuwa lilipinduka, likauzwa kama mabaki na kampuni ya bima, likaunganishwa na mafundi na kurudi sokoni liking'aa.

Kwa miaka mingi ukaguzi wa kila mwaka nchini umehusu magari ya abiria na ya biashara, huku ya kibinafsi yakiendelea kutumika bila kupimwa. Kwa hivyo mfululizo wa kilomita unaoandikwa Japani kwa uangalifu hukatika gari linaposhuka bandarini Mombasa. Kuanzia hapo, shahidi wa pekee ni kifaa kilicho kwenye dashibodi, nacho huweza kurudishwa nyuma kwa kompyuta ndogo katika muda wa dakika chache.

Kumbukumbu za fidia za ajali nazo hubaki na mashirika ya bima. Mnunuzi wa kawaida hana mahali pa kuzisoma kama anavyosoma rekodi ya umiliki. Pengo hilo la ajali na kilomita ndilo ambalo nchi nyingine huliziba kwa ripoti, na ndilo ambalo mnunuzi wa Gusii hulazimika kuliziba kwa jicho la fundi.

Fundi huyo asiwe wa muuzaji. Gharama ya kumlipa makanika mwaminifu, au kupeleka gari kwa wakaguzi wa chama cha waendeshaji magari cha AA Kenya, ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya injini. Mambo ya kutazama ni haya:

- Mpira wa pedali na ngozi ya usukani. Vikiwa vimelika sana ilhali kilomita ni chache, hesabu imechezewa.
- Vibandiko vya kubadilisha mafuta vilivyoachwa na gereji za Japani kwenye ukingo wa mlango au chini ya boneti. Mara nyingi huwa na tarehe na kilomita za siku hiyo, na mdanganyifu husahau kuvitoa.
- Lebo za mikanda ya viti, ambazo huonyesha wakati mikanda ilipotengenezwa. Mkanda mpya kuliko gari, au mikanda ya miaka tofauti, huashiria ajali.
- Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa.
- Mianya kati ya milango, boneti na mabawa. Isipolingana, au rangi ikitofautiana, kuna sehemu iliyonyooshwa.
- Matope makavu na kutu chini ya zulia na ndani ya mikono ya mikanda, ambayo ni dalili za gari lililozama majini.
- Klachi au giaboksi, breki na springi. Gari lililobeba abiria na ndizi katika milima ya Gusii huchakaa haraka katika sehemu hizi kuliko lililotumika tambarare.

Gari lenye deni

Mkopo wa kununulia gari, au mkopo uliotolewa kwa dhamana ya gari, humfuata mnunuzi asiyechunguza. Kwa kawaida benki husajili gari kwa majina mawili, la mkopaji na la benki, na rekodi ya NTSA huonyesha hivyo. Gari la namna hiyo haliwezi kuhamishwa hadi mkopeshaji akubali.

Mnamo mwaka 2017 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika, Nambari 13 ya mwaka huo, iliyoanzisha sajili ambamo wakopeshaji huandikisha mali waliyowekewa rehani, kuanzia magari hadi mifugo. Sajili hiyo hutafutwa kupitia eCitizen kwa kutumia nambari ya kitambulisho cha anayedaiwa. Mnunuzi anayemwomba muuzaji nakala ya kitambulisho chake na kufanya utafutaji huo hujikinga dhidi ya wapiga mnada kuja kulitwaa gari usiku.

Gari la wizi

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, huweka msingi kwamba mtu hawezi kumpa mwenzake umiliki ambao yeye mwenyewe hana. Aliyeuziwa gari la wizi, hata akiwa amelipa bei kamili na kwa nia njema, hulipoteza mwenyewe halisi akijitokeza. Kinachobaki ni kumdai fedha zake aliyemuuzia, ambaye mara nyingi simu yake huwa imezimwa.

Magari ya wizi huvuka mipaka. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza walifuatilia gari la Lexus lililoibwa nchini humo hadi Uganda, likiwa limepitia bandari ya Mombasa, kwa sababu kifaa cha kulifuatilia kilikuwa bado kikituma ishara. Shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lina orodha ya magari yaliyoripotiwa kuibwa katika nchi wanachama, na Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) huweza kuulizia humo. Mnunuzi mwenye shaka juu ya chesisi anaweza kumtaka muuzaji waende pamoja katika ofisi ya wapelelezi kabla ya malipo. Anayekataa kwenda amekwisha kujibu swali.

Gari la marehemu na gari lisilohamishwa

Visa viwili huzua migogoro ya kifamilia. Cha kwanza ni gari la marehemu. Mwana au mjane anaweza kuwa na funguo na logibuku, lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inakataza mtu kuuza mali ya marehemu kabla ya mahakama kumpa idhini ya kuisimamia. Mnunuzi aombe kuona hati hiyo ya mahakama. Bila hiyo, ndugu yeyote anaweza kwenda kortini kuulalamikia uuzaji huo.

Cha pili ni gari ambalo anayeliuza si aliyeandikwa katika rekodi, kwa kuwa alilinunua na hakubadilisha jina. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, katika kifungu cha 8, humchukulia aliyesajiliwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 hukataza gari lililouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa.

Kuchelewa kunawaumiza wote wawili. Muuzaji hubaki na jina kwenye gari asilolimiliki, na likigonga mtu huko Keumbu au Ikonge, yeye ndiye atakayeitwa mahakamani kwanza. Mnunuzi naye hawezi kuliuza wala kuliweka rehani, na wadai wa muuzaji wanaweza kuliandama kana kwamba bado ni lake.

Utaratibu unaofaa

Mpangilio ufuatao huokoa fedha, kwani uchunguzi wa bei nafuu hutangulia ule wa gharama:

1. Kupata rekodi ya NTSA na kuilinganisha na kitambulisho cha muuzaji.
2. Kulinganisha nambari ya chesisi na ya injini zilizo kwenye gari na zile za rekodi.
3. Kutafuta jina la muuzaji katika sajili ya dhamana.
4. Kwa gari lililoagizwa karibuni, kudai cheti cha Japani cha kufuta usajili, karatasi ya mnada, cheti cha ukaguzi na stakabadhi za ushuru.
5. Kupeleka gari kwa fundi ambaye hajuani na muuzaji.
6. Kukiwa na shaka yoyote juu ya chesisi, kwenda DCI.
7. Kuandika mkataba mbele ya wakili, unaotaja chesisi, kilomita zilizosomwa siku hiyo, bei, na tamko la muuzaji kuhusu ajali na madeni.
8. Kulipa kwa benki kwa jina la mmiliki aliyesajiliwa, si kwa wakala, na kukamilisha uhamisho kwenye eCitizen siku hiyo hiyo. Muuzaji huanzisha ombi katika akaunti yake, na mnunuzi hulikubali katika yake.

Hatua ya saba hudharauliwa na wengi, lakini ina uzito wa kisheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili kufaidi bidhaa, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 hukataza wafanyabiashara kutoa maelezo ya uongo kuhusu wanachouza. Haki hizo ni vigumu kuzidai iwapo kilomita na ajali zilizungumzwa kwa mdomo tu kando ya barabara. Zikiwa zimeandikwa na kutiwa sahihi, muuzaji aliyedanganya hana pa kujificha.

Mkataba huo una faida nyingine. Kilomita zilizoandikwa ndani yake, risiti za gereji zenye tarehe na stakabadhi za bima ndiyo kumbukumbu ambayo gari halikuwa nayo tangu liliposhuka melini. Mmiliki anayeziweka katika faili moja huwa na ushahidi wa kuonyesha atakapotaka kuuza, na mnunuzi wa baadaye hatalazimika kubahatisha. Hadi mashirika ya bima, gereji na vituo vya ukaguzi yatakapounganisha kumbukumbu zao, faili hiyo ndiyo ripoti iliyo karibu zaidi na ile ya Carfax ambayo mkazi wa Kisii au Nyamira anaweza kuipata. Gharama yake ni muda wa siku chache na ada ndogo ndogo. Anayeharakishwa na muuzaji kwa kuambiwa kwamba kuna mteja mwingine njiani na akubali aende, kwani magari yangali yanashuka Mombasa, lakini bonasi ya majani chai hulipwa mara moja kwa mwaka.